Hita Isiyotoa Moshi

Verner Hautala hakuwa na ugomvi na kuni. Kuni hazina kiherehere: zinakatwa, zinapasuliwa, zinaungua, majivu yanazolewa, kwisha habari. Ugomvi wake ulikuwa na mtu aliyezileta.

Kila vuli, majani yakishageuka mekundu kandokando ya Ziwa la Fisi Maji, Kenneth Sorvala alikuja na pikapu yake, akaegesha mbele ya kambi, yaani nyumba yao ya magogo kando ya ziwa, akashusha kuni kavu zilizopasuliwa kwa kipimo kimoja kama mikate ya kiwandani, akazipanga chini ya upenu hadi ukuta wa kuni ukawa mzuri kuliko ukuta wa kambi yenyewe. Kisha aligonga mlango kwa kidole kimoja na kusema, "Shemeji, kuni zako hizo."

Zako. Siyo zenu. Na Verner alikuwa amesimama palepale nyuma ya mke wake, mwanamume mrefu, mwenye tumbo la heshima, lakini macho ya Kenneth yalimpita kama yanavyopita koti lililotundikwa.

Kenneth alikuwa na haki ya kumwita Lorna shemeji, hilo Verner hakulibishia. Lorna alikuwa mke wa Rudi, kaka yake Kenneth, na Rudi ndiye aliyeijenga kambi ile kwa mikono yake, chumba kimoja cha magogo na dari ya kulalia, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika na maji yanachotwa ziwani. Rudi alifariki mlemle kambini, usingizini, katikati ya majira ya baridi. Lorna alikaa mjane miaka ya kutosha hata watu wenye midomo mirefu wakakosa la kusema, ndipo akaolewa na Verner, aliyekuwa dereva wa gari la kusukuma theluji la halmashauri. Yote hayo yalikuwa halali na yalifanyika kanisani. Ila Kenneth aliendelea kuleta kuni kana kwamba hakuna harusi iliyofanyika.

Na Kenneth hakuwa ameoa. Hapo ndipo palipomkosesha Verner raha. Angekuwa na mke mkali nyumbani, watoto, mama mkwe, ingekuwa afadhali. Lakini mtu anaishi peke yake ng'ambo ya ziwa, upande wenye barabara ya lami na umeme, ana mikono miwili mizima na kiuno kisichouma, na gogo la mti mgumu analipasua kwa pigo moja. Verner akipiga gogo, shoka linanasa. Analiinua shoka na gogo pamoja, analibamiza, linazidi kunasa, na mwisho anapiga mateke mpaka kimojawapo kimeachia. Barabarani, juu ya gari lake la theluji, hakuna aliyemfikia. Lakini mwanamke hapikiwi kahawa kwa gari la theluji.

Kulikuwa na jambo jingine lililomuudhi zaidi ya kuni. Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa kahawa, Kenneth alitoka nje ya nyumba yake, akasimama ukingoni mwa ziwa, akatazama upande wao. Verner alimwona mara nyingi kwa darubini ya kuwindia. Anasimama, anatazama bomba la moshi la kambi, anaitikia kwa kichwa kidogo kama mtu aliyepata jibu, anarudi ndani. Ni kweli kwamba watu wa ziwa lile wana desturi ya kuangaliana mabomba asubuhi. Moshi ukiwapo, mwenye nyumba kaamka. Lakini Verner alisema moyoni kwamba desturi haina haja ya kusimama muda wote ule. Ule ni upelelezi. Yule anatazama moshi kama mwingine anavyotazama dirisha la chumba cha kulala.

Basi Verner alipostaafu, wakaamua na Lorna kukaa kambini majira yote ya baridi kwa mara ya kwanza, akaona mlango umefunguka. Akatangaza wakati wa chakula kwamba atanunua hita ya gesi. Kuni basi. Bega la Lorna lilikuwa linamsumbua tangu alipoanguka kwenye barafu, na mtu mwenye bega bovu habebi magogo.

Lorna alimtazama juu ya miwani yake. "Bega langu limeanza kukuuma wewe tangu lini?"

Verner alisema mume mwema huumwa na kila kiungo cha mke wake. Lorna akampakulia viazi zaidi, na hilo akalihesabu kuwa ndiyo.

Duka la gesi lilikuwa la Marlys, mama mnene mwenye sauti ya kuitia mbwa, aliyekuwa akiuza mitungi na majiko tangu enzi za baba yake. Verner aliingia dukani na hakutazama huku wala kule. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye hita moja kubwa yenye kioo mbele. Nyuma ya kioo kulikuwa na magogo ya udongo, na miali ya moto ilicheza juu ya magogo yale polepole, kama wanawake wanaojua wanatazamwa. Chini yake feni ilikuwa inavuma. Verner alisimama mbele ya hita ile akavua kofia.

"Hii," akasema.

"Kambini kwenu kuna umeme?" Marlys akauliza.

"Tuna sola."

"Sola ya nini?"

Ilikuwa ya taa mbili na redio. Marlys akamwambia basi achague, kusikiliza taarifa ya habari au kuota moto, maana feni ile ingeinywa betri yake kabla hata hawajamaliza kula. Isitoshe, hita yenyewe ni ya nyumba ya watu wenye sebule. Akaiweka kambi ya magogo na hita ile kwenye mizani, akauliza, "Kaka Verner, unataka kupasha joto kambi au ziwa?"

Lorna akacheka. Verner hakuona cha kuchekesha. Akageukia nyingine, ndogo, ya bei nafuu, ya kutundika ukutani tu bila kutoboa chochote, isiyohitaji umeme wala bomba. Akasema hii hata yeye mwenyewe angeiweka kwa siku moja, na mtu yeyote ng'ambo ya ziwa asijue. Hilo neno la ng'ambo ya ziwa lilimponyoka. Marlys alimtazama Lorna, Lorna akatazama dari.

Lorna ndiye aliyeuliza kama haina bomba, hewa yake chafu inakwenda wapi.

"Haiendi popote, dada," Marlys akajibu. "Inakaa na ninyi. Inapumua hewa yenu, inawarudishia mvuke. Asubuhi madirisha yanalia, godoro limelowa, na barafu iko ndani kwenye misumari. Hiyo ni ya gereji, mtu anatengeneza gari mlango ukiwa wazi. Mnaolala nayo kwenye chumba kimoja kilichozibwa kila ufa? Nikiwauzia mimi ndiye nitakosa usingizi."

Waliyoichukua mwishowe haikuwa na sura. Sanduku la rangi ya udongo, mfano wa sanduku la askari jela, limefungwa kabisa mbele, na bomba fupi nene linalotoka nyuma yake na kupenya ukutani. Ndani ya bomba hilo mna bomba lingine; moja linavuta hewa ya nje, jingine linairudisha nje ikiwa chafu. Haigusi hewa ya ndani, haitaki umeme, unabonyeza kitufe inawaka. Verner alitaka walau saizi kubwa kuliko aliyosema Marlys. Marlys akamwambia akipata kubwa zaidi watalala uchi na mlango wazi mwezi wa Januari. Verner hakuona ubaya wa lile la kwanza, lakini mke wake alikuwa ameshasema ndogo inatosha. Akiwa anatoka aligeuka mara mbili kuitazama ile ya kioo.

Siku mafundi wa Marlys walipokuja, Lorna alitaka hita iwekwe karibu na mlango, ukuta wa mbele. Verner akakataa katakata. Akataka ukuta wa nyuma, wa upande wa msituni, mradi bomba liwe juu kuliko theluji. Hakusema sababu, lakini nyinyi mnaijua: kutoka ng'ambo ya ziwa ukuta ule hauonekani. Kenneth akisimama asubuhi, akose cha kutazama. Moshi basi, kuni basi, shemeji basi.

Aliposema sasa jiko la kuni litolewe liuzwe chuma chakavu, ndipo Lorna alipoacha kucheka. Rudi alilichomelea mwenyewe jiko lile kutoka kwenye tangi la zamani, na mlango wake ulikuwa na alama ya mkono wake pale alipougusa rangi ikiwa mbichi. "Jiko haliondoki," akasema, akaendelea kulipangusa kwa kitambaa. Verner aliitazama alama ile ya vidole vitano. Hata maiti ilikuwa imeweka mkono wake mle ndani.

Theluji ikaanguka, ziwa likaganda, hita ikawashwa.

Asubuhi ya kwanza Verner aliamka kambi ikiwa na joto kama mfuko wa koti. Hakuna majivu, hakuna kupuliza makaa. Akavaa fulana ya ndani peke yake, akachemsha kahawa kwenye jiko dogo la gesi, akawa anaimba pua ikisaidia mdomo. Alikuwa anakata mkate wa nisu, ule wa iliki ambao Lorna huusuka kama nywele, mlango ulipopigwa kwa ngumi.

Kenneth. Kofia imekaa upande, hana glavu, theluji imempanda mpaka mapajani, anahema kama aliyefukuzwa na dubu. Hakumsalimu Verner. Akanyoosha shingo juu ya bega lake.

"Shemeji, mzima?"

"Mzima, Kenneth," Lorna akajibu kutoka kitandani, nywele zimetimka, gauni la kulalia kifuani limefungwa vibaya. Verner akalijaza tumbo lake mlangoni.

Kenneth akaliona lile sanduku ukutani. Akalitazama muda. "Haina moshi," akasema.

"Ndiyo uzuri wake," Verner akasema.

"Nilikuwa napita tu," Kenneth akasema.

Anapita! Kutoka wapi, kwenda wapi? Ziwa zima limeganda na nyuma ya kambi ni msitu mpaka Kanada. Lakini kwa watu wale mgeni hanyimwi kahawa, hata mgeni wa aina ile, hivyo Kenneth akakaa kwenye benchi, akakausha soksi zake mbele ya hita ya Verner, akala vipande vitatu vya nisu na kusema iliki imekolea.

Kesho yake akaja. Alijua sasa kuna hita, alijua hakuna moshi, na akaja. Alikuwa anapita tu. Keshokutwa akapita tena. Ikawa njia imechongeka barafuni kutoka mlango wake mpaka mlango wao, imenyooka kama mstari wa mwalimu. Yule mtu ambaye zamani alikuja vuli na kuni, sasa alikuja kila siku na mikono mitupu. Verner alijaribu kumkatia mkate mwembamba. Alijaribu kusema Lorna amelala. Kenneth akasema atasubiri aamke, akasubiri, akimtazama Verner, na Verner akimtazama yeye, mpaka Lorna aliposogea na kukohoa. Kenneth akasimama palepale akaenda zake bila hata kumaliza kikombe.

Hilo la kukohoa ndilo lililomwasha Verner. Siku hiyo hakungoja Kenneth afike katikati ya ziwa. Akamgeukia mke wake, akamwambia mtu yule anamtaka. Alikuwa anamtaka tangu kaka yake yu hai. Anakuja kusikiliza kikohozi chake kama kijana anayesikiliza muziki.

Lorna alicheka. Alicheka mpaka akashika bega. Halafu akaona uso wa mumewe hautanii, naye akaacha.

"Unajua Rudi alipofariki mimi nilikuwa wapi?"

Verner alijua. Mjini, kwa dada yake, kwa sababu dada alikuwa amejifungua.

"Basi Rudi alikuwa peke yake humu. Asubuhi ile bomba halikutoa moshi. Kenneth akasimama palepale anaposimama, akaona hakuna moshi. Akasema, huyu kaenda mapema kutega samaki, nitapita baadaye. Akaja jioni."

Aliokota makombo ya mkate mezani, moja moja.

"Daktari alisema Rudi aliondoka usiku, hata angekuja alfajiri asingemkuta. Kenneth alimsikiliza daktari, akamshukuru. Lakini hajawahi kumwamini. Tangu siku hiyo, kila nikiwa humu, hanywi kahawa kabla hajauona moshi wangu. Wewe umeuzima, Verner. Sasa mtu wa watu anavuka ziwa zima apate kunisikia nikikohoa."

Verner alikaa. Aibu ilimpata, sitamnyima hilo. Ilimpata masikioni, yakawa mekundu. Lakini wivu si mgeni wa kuondoka kwa sababu ameelezwa vizuri. Ulijikunja tu, ukasogea upande, ukakaa tena. Alisema moyoni: sawa, mtu ana huzuni. Na huzuni yake ndiyo inakula mkate wangu na kumtazama mke wangu akiwa na gauni la kulalia.

Halafu akapata wazo. Mtu anataka moshi? Apewe moshi.

Alfajiri iliyofuata alitoka upenuni na shoka. Lorna alisikia bamiza, bamiza, tusi, bamiza. Aliporudi alikuwa na vijiti na ganda jeupe la mti, akavitia kwenye jiko la Rudi, akawasha, na moshi ukapanda mnene, mweupe, umenyooka juu ya ziwa. Mle ndani, hita na jiko vikiwa vinawaka pamoja, joto lilikuwa la sauna. Ikabidi mlango uachwe wazi, na Lorna akanywa kahawa amejifunga shuka. Verner alikuwa na darubini dirishani. Ng'ambo, Kenneth alitoka, akasimama, akatazama. Akaitikia kwa kichwa. Akarudi ndani.

"Hatoki," Verner akasema, na jasho lilikuwa linamdondoka puani. "Umeona? Hatoki."

"Nimeona," Lorna akasema. "Ulinunua hita usipasue kuni. Sasa unapasua kuni usimwone mtu."

Ikawa ndiyo kazi yake kila siku. Na kwa sababu anayepiga magogo kila alfajiri kwa hasira lazima ajifunze kitu, kufikia mwezi wa pili shoka lake lilikuwa halinasi tena, ila mara chache. Baada ya kuwasha alichukua darubini na kuutafuta moshi wa Kenneth. Si kwa wema. Alikuwa anahakikisha adui yuko kwake. Moshi wake ukipanda kule, basi hayuko njiani kuja huku. Akishauona ndipo aliponywa kahawa yake kwa amani.

Asubuhi moja hakuuona.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba yuko njiani, akatafuta barafuni. Hakuna mtu. Njia ile ya zamani ilikuwa imefunikwa na theluji mpya, haina alama ya mguu. Akafuta kioo cha darubini kwa fulana, akatazama tena. Bomba la Kenneth lilisimama juu ya paa bila kitu. Akasema, amelala huyo. Akasema, amekwenda mapema kutega samaki.

Maneno hayo yalipotoka kinywani mwake mwenyewe, akaiweka chini kahawa ambayo alikuwa hajaigusa. Lorna alipogeuka alimkuta anavaa viatu, kulia kushoto, kushoto kulia.

Alivuka ziwa lile mbio, tumbo la heshima likitangulia. Alianguka, akainuka, glavu moja ikabaki barafuni hakuirudia. Njiani alikumbuka kila kipande chembamba cha mkate alichomkatia yule bwana. Akapiga mlango kwa ngumi.

Mlango ukafunguliwa. Kenneth alikuwa amevaa fulana ya ndani, kikombe mkononi, shavu limeiva kwa joto. Na nyuma yake ukutani, kubwa, imejaa, ilikuwa ile hita ya kioo. Miali ilikuwa inacheza juu ya magogo ya udongo polepole. Feni ilikuwa inavuma, maana upande ule umeme upo.

"Haina moshi," Verner akasema alipopata pumzi.

"Ndiyo uzuri wake," Kenneth akasema. Alimtazama Verner juu mpaka chini: theluji ya mapajani, mkono usio na glavu, kofia iliyokaa upande. Hakucheka. "Umekuja mbio, ndugu yangu."

"Nilikuwa napita tu."

Kenneth akasogea mlangoni ampishe. Alimwekea kiti mbele ya kioo, akamwekea kahawa, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akamtazama yeye badala ya kutazama nyuma ya bega lake. Alisema shoka limeanza kumchosha, umri nao. Alisema Marlys ndiye aliyempendekezea ile, akamwambia kuna bwana mmoja aliivulia kofia. Verner akanywa kahawa na kusema lazima inakula gesi nyingi. Kenneth akakubali kwamba inakula. Verner akasema kioo kitaingia masizi. Kenneth akasema huenda. Wakakaa wote wawili wakiitazama, na ndani ya Verner ule wivu wake ulijikunjua, ukajinyoosha, ukahama kutoka kwa mke wake na kukaa kwenye hita ya mtu.

Aliporudi, Lorna alikuwa amesimama mlangoni na shali kichwani. "Yu hai?"

"Yu hai," Verner akasema kwa uchungu. "Anayo ile ya kioo."

Asubuhi ya pili yake Verner alipasua kuni, akawasha jiko la Rudi, akashika darubini. Ng'ambo hakuna moshi, na hautakuwapo tena. Alijua vizuri kabisa kwa nini. Alikaa mezani, akaizungusha kahawa kikombeni, akashindwa kuinywa. Akavuta viatu.

"Unakwenda wapi?" Lorna akauliza.

"Kuangalia kama yu mzima."

"Mzima nani, Kenneth au hita?"

Verner alichukua nusu ya mkate wa nisu, nusu ile kubwa, akautia kifuani ndani ya koti. Alipofika nje alirudi tena ndani, akafungua mlango wa jiko pale penye alama ya mkono, akatia gogo jingine nene na kungoja mpaka moshi ulipopanda vizuri, mnene wa kuonekana ng'ambo, Kenneth asije akapata sababu ya kupishana naye barafuni.